Msindikizaji wa Saa Moja Asubuhi

10 Machi

Mzee Fundi, shikamoo.

Natumaini unanikumbuka. Mimi ndiye yule mchezaji wa gofu uliyemsindikiza uwanjani Jumamosi ya tarehe moja, saa moja asubuhi, umande ukiwa bado unalowesha viatu. Mke wangu ndiye aliyenibebea mfuko wa fimbo, na ndiye aliyecheka ulipochomoa penseli nyuma ya sikio kama seremala. Niliomba nambari yako ya simu klabuni, wakanijibu, "Fundi Saa hana simu, yule ni mtu wa barua." Haya, na mimi nimekuwa mtu wa barua.

Kwanza, asante. Ijumaa ile nilipita mchujo kwa kupenya tundu la sindano. Tulianza watu mia na ishirini. Baada ya siku mbili, hamsini wa kwanza na wote waliolingana na wa hamsini ndio wanaoendelea, wengine wanafunga mizigo. Tukapita hamsini na tatu, na mimi nikawa mkia. Jumamosi watu hutoka wawili wawili, wa chini wakitangulia, na hamsini na tatu haigawanyiki. Nikabaki kama kiatu kisicho na mwenzake. Klabu isingekutoa wewe ucheze nami na kuniandikia kadi ya mikwaju, ningetembea na kivuli changu.

Pili, jambo dogo tu. Nimeletewa nakala ya kadi ile. Jumla ni sawa, sabini na nne. Lakini shimo la sita, lile fupi la kuvusha mpira juu ya bwawa, imeandikwa tatu. Mzee, pale nilipata mbili! Mpira uliingia kutoka hatua ishirini, mke wangu akaangusha mfuko. Na la kumi na nne, nilikozama mchangani nikatoka na saba, imeandikwa tano. Kweli niliisaini bila kuisoma, kwa hasira zangu. Je, ni wewe uliyekosea au ni mimi ninayeota?

Wako,
Yule wa saa moja asubuhi


22 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nisamehe mwandiko, utadhani kuku amekanyaga wino akapita. Mikono yangu inatetemeka mwaka wa sita huu. Saa ndogo za kike siziwezi tena, nimebaki na saa za ukutani.

Huoti. Nimeitazama kadi yangu ya akiba na aibu imenishika. Kwenye kadi zetu za Jumapili hapa klabuni, safu ya kwanza ni ya anayeandika na ya pili ni ya mwenzake. Nimeandika hivyo miaka thelathini. Kwenye kadi ya mashindano ni kinyume, safu ya kwanza ni ya mchezaji. Mkono ukafuata mazoea. Alama zangu nikaziweka kwako na zako kwangu, na kwa kuwa sote tulipata sabini na nne, jumla ikatufunika.

Usiogope. Ingejulikana siku ile wangekutoa, maana umesaini tano pahali ulipopiga saba. Lakini mashindano yamefungwa na hukujua, kwa hiyo kadi inabaki ilivyo. Nilimuuliza mwamuzi kwa mafumbo, akanijibu wazi.

Basi vitabuni raundi yangu ni yako, na yako ni yangu. Mbili ile ya bwawani nimeibeba mimi, mzee wa miaka sitini na tisa! Yaliyopita si ndwele. Ila nakuomba usimwambie mtu.

Msalimu aliyebeba mfuko.

Fundi Saa


16 Juni

Mzee Fundi, shikamoo.

Sikutaka kukusumbua tena, lakini nikimweleza mtu mwingine atasema nimerukwa na akili. Mke wangu tu ndiye anayejua, kwa kuwa anaona kwa macho yake.

Tangu tuachane nimecheza mashindano saba, na yote saba nimechujwa. Kuchujwa si ajabu, ni sehemu ya kazi, na kila Ijumaa nusu nzima ya uwanja inarudi nyumbani mikono mitupu. Ajabu ni namna ninavyochujwa. Alhamisi nacheza vizuri, wakati mwingine vizuri sana. Ijumaa nafika shimo la kwanza napata nne. La pili tano. La tatu tatu. Halafu nne, nne, tatu, tano, nne, tano. Nikigeuka upande wa pili ni nne, nne, tatu, tano, tano, nne, tatu, nne, tano. Sabini na nne. Ijumaa zote saba, viwanja saba tofauti, upepo uwepo usiwepo. Juzi nilijaribu makusudi kuharibu shimo la tatu, nikaupiga mpira kwenye miti. Ukagonga shina, ukarudi, ukalala hatua moja kutoka shimoni.

Nimeweka kadi ya Machi pembeni nikalinganisha. Ni raundi yako, Mzee. Shimo kwa shimo.

Halafu nakaa chumba cha kubadilishia nguo nangoja mstari. Wewe unaujua mstari wa mchujo, hauchorwi popote. Unapanda na kushuka mchana kutwa, kila mtu aliye bado uwanjani anaupeleka huku na huku. Mara nyingine saa nane niko ndani, saa tisa niko nje. Mwisho wa siku huwa nje, kwa mkwaju mmoja.

Alhamisi nacheza changu, Ijumaa nacheza chako. Niambie, nifanyeje?

Yule wa saa moja asubuhi


29 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Mchezo huu unawachanganya hata wenye akili zao timamu. Bahati mbaya ina tabia ya kurudi nyumba ileile kama paka aliyelishwa mara moja. Pumzika, badilisha fimbo, lala mapema.

Mimi sijambo. Kazi imechangamka. Wiki hii nimefungua saa tatu za kike bila hata lenzi. Kuna nyingine nimeikuta ndani ya droo, ndogo, ya mkanda wa kahawia, haina karatasi ya mteja wala sikumbuki nani aliileta. Imekufa siku nyingi. Nimekuwa nikiichezea jioni, nimeisafisha yote, imebaki skrubu moja. Nimeiacha hivyo, maana kumalizia kazi isiyo na mwenyewe ni kujichosha.

Kuhusu hizo Ijumaa, tafadhali usiniandikie tena.

Fundi Saa


30 Agosti

Mzee Fundi,

Uniwie radhi, umenikataza na mimi nimeandika. Niwie radhi pia kwa mwandiko, kalamu inanikataa. Daktari amenipima hakuona kitu. Nina miaka ishirini na saba, na asubuhi goti la kushoto linanilazimu kushika ukuta.

Mke wangu aliziweka barua zako mbili juu ya meza, ya Machi na ya Juni. Akasema, "Hebu tazama, hii ya pili si umeandika wewe?" Nikatazama. Kweli, ile mikia ya herufi ni yangu. Halafu akaichukua orodha ya sokoni niliyokuwa nimeandika asubuhi ile, akailaza kando ya barua yako ya Machi. Kuku yuleyule wa wino alikuwa amepita.

Imebaki nafasi moja. Mashindano ya kufunga msimu yanarudi uwanja wenu mwezi wa kumi na moja. Nikipita mchujo pale, leseni yangu ya kucheza inabaki. Nisipopita, inachukuliwa, narudi kwenye duka la matairi la mjomba ambaye amenitunzia bwelasuti kwa kebehi.

Nijibu jambo moja tu. Wewe Ijumaa unacheza? Na ukicheza, unapata ngapi?

Yule wako


12 Oktoba

Mzee Fundi,

Shikamoo. Ni mimi niliyebeba mfuko. Mume wangu amengoja jibu wiki sita, akaacha kungoja. Mimi sijaacha.

Nakuandikia mambo ya chumbani kwangu, kwa hiyo ujue sina utani. Mume wangu akiamka anapapasa meza kutafuta miwani. Hajawahi kuvaa miwani. Kikombe cha chai hakiweki tena karibu naye, anakisogeza mbali, anasema kitamwagikia vipande. Vipande gani? Meza ni tupu. Akikaa kimya, vidole vyake vinazungusha kitu kidogo sana nisichokiona.

Wiki iliyopita alimwita binti yetu kwa jina la mwanamke nisiyemjua. Mzee, nilitaka kuiwasha nyumba! Nikamuuliza huyo ni nani. Akaanza kulia, mwanamume mzima, akasema hamjui, ila anaisikia sauti yake. Anasema sauti hiyo inamwita akale, inamwambia chakula kinapoa, na inamkasirikia kidogo. Anasema ni sauti nzuri kuliko zote alizowahi kusikia. Mimi mkewe nimesimama pale na mwiko mkononi.

Jina hilo nimeliandika upande wa ndani wa bahasha hii. Ichane utazame. Kama halikuhusu, itupe. Kama linakuhusu, basi mume wangu ana kitu chako, na nadhani wewe una kitu chake. Nirudishie.

Mke wa uliyemsindikiza


20 Oktoba

Binti yangu,

Nimeichana bahasha. Jina ni la marehemu mke wangu. Tuliishi miaka thelathini na minane, na mwaka wa tisa huu tangu anitoke.

Sasa sikia jambo la kutisha. Nililisoma jina hilo kama mtu anavyosoma bango la duka. Ikabidi niende kutazama cheti cha ndoa ndipo nikawa na hakika. Juu ya meza yangu ya kazi ipo picha, nimekuwa nikiifuta vumbi tangu Machi bila kujiuliza ni ya nani. Nimekaa mbele yake nikajaribu kuikumbuka sauti. Hakuna kitu. Na ile saa ya mkanda wa kahawia niliyomwandikia mumeo, isiyo na mwenyewe, nimeugeuza mfuniko wake wa mgongo nikakuta ndani yake nimechonga tarehe ya harusi yetu.

Mumeo aliniuliza swali nikanyamaza kwa sababu jibu lilinipendeza. Naam, nacheza kila Ijumaa. Shimo la sita napata mbili. La kumi na nne napata saba. Kila Ijumaa, bila kukosa. Mwanzoni wenzangu walikuja kutazama na kupiga makofi. Siku hizi nikifika bwawani wanajikuta wana shughuli upande mwingine wa uwanja. Goti haliumi. Mikono imetulia kama ya kijana. Nilijua ni ya kijana gani.

Na nilidanganya. Nilisema mkono ulifuata mazoea. Ulifuata hadi shimo la tano. La sita nilipotaka kuandika mbili yake, nikaona penseli imo kwenye safu yangu. Kifutio kilikuwa mfukoni. Lakini mbili ile ilivyokaa pale kwangu, binti yangu, ilinipendeza mno. Nikasema moyoni, acha iwe yangu leo tu. Nikaendelea kuandika vilevile hadi mwisho, nikampa asaini, nikijua.

Siwezi kurekebisha kwa maneno, nimejaribu. Nimeifuta kadi yangu ya akiba nikaandika upya, Ijumaa ikaja palepale. Kilichoandikwa uwanjani kinaandikwa upya uwanjani. Lazima nimsindikize tena. Na msindikizaji haitwi ila idadi ya waliopita iwe isiyogawanyika, na hafuatani na yeyote ila mtu wa mkiani. Mwambie apite mchujo, na apite akiwa wa mwisho. Ijumaa itampa sabini na nne, hilo halikwepeki. Kwa hiyo Alhamisi acheze kama ambavyo hajawahi kucheza.

Klabu nimewaambia Jumamosi ile ni yangu.

Fundi Saa


Ijumaa, 21 Novemba

Mzee Fundi,

Hii anakuletea mke wangu dukani kwa mkono.

Jana nilipiga sitini na sita, sijawahi maishani. Leo sabini na nne, nne tano tatu kama kawaida yako. Mia na arobaini. Nimemaliza saa sita mchana, nikakaa chumba cha kubadilishia nguo na mke wangu akisimama mlangoni kunisomea ubao. Mstari ulikuwa mia na thelathini na nane, nikaanza kufunga mizigo. Saa tisa upepo ukavuma na walio uwanjani wakaanza kupoteza mikwaju. Saa kumi na nusu walionizidi walikuwa arobaini na tisa kamili, mia na arobaini niko mimi peke yangu, na uwanjani amebaki mtu mmoja, amesimama shimo la mwisho na mpira hatua moja tu. Akiingiza, yeye ndiye wa hamsini na mimi nimekwenda na maji. Akikosa, analingana nami, tunapita wote wawili, hamsini na mmoja.

Nikatoka nikasimama na mke wangu pale mlangoni, shimo la mwisho linaonekana. Mzee, mpira ule uliingia. Nakuapia niliuona ukishuka. Halafu ukazunguka mdomo wa shimo ukatoka nje, ukasimama. Yule bwana akawa anatazama huku na huku kama mtu aliyeguswa bega. Mke wangu alikuwa ameniminya mkono hadi damu imeganda.

Hamsini na mmoja haigawanyiki. Kati yetu wawili, utaratibu wao umeniangukia mimi kutangulia. Leseni imebaki. Sasa nakuomba yaliyobaki.

Kesho saa moja asubuhi. Njoo na penseli. Safu ya kwanza ni yangu.

Yule wako


Ijumaa, 28 Novemba

Mwanangu,

Nimesikia umemaliza Jumapili vizuri, na kwamba mkeo alikula wali sahani mbili. Nimefurahi sana. Usishangae mwandiko huu ulionyooka. Nataka uuone, ujue ni wa nani. Naandika haraka kwa sababu nina dakika chache, na zikiisha barua itasubiri wiki ijayo.


Ijumaa, 5 Desemba

Naendelea. Jumamosi ile niliandika ya kwako kwako na ya kwangu kwangu. Shimo la kwanza nilihisi goti langu limerudi. La pili vidole vikaanza. La tatu, tukipanda kile kilima, nikamsikia mke wangu akiniita. Chakula kinapoa, anasema, na wewe na hivyo vipande vyako. Nilisimama nikajifanya nahesabu hatua. Wewe ulidhani nimechoka, ukanishika kiwiko.

Mwanangu, ile sauti! Ungeniambia nitoe mikono yote miwili


Ijumaa, 12 Desemba

ningeitoa.

Tulipofika la sita nilikuwa nimeshamkumbuka wote, na mikono yangu ilikuwa imeshaharibika hata penseli inacheza. Ndipo nikaikumbuka saa yake. Imebaki skrubu moja, ndogo kama punje ya mchanga. Nilipokuwa na mikono sikujua ni ya nani. Sasa najua ni ya nani, na mikono sina.

Pale bwawani sote tulipata tatu. Niliandika tatu yangu kwako na tatu yako kwangu. Uliikagua kadi mara nne kabla ya kusaini, na haki yako, lakini tatu ni tatu, hata mwamuzi hawezi kuona. Mkono ndio unaojua uliandika ya nani wapi. Yaliyobaki yote kumi na saba nimekurudishia.

Kila Ijumaa unapocheza, ukifika shimo la sita, mikono yangu inatulia hadi uuokote mpira. Ni dakika kumi, na hunyang'anywi zaidi ya hizo. Nadhani wewe pale unahisi baridi kwenye vidole. Dakika za wiki tatu nimezitumia kuandika haya, kwa sababu nisingeweza kuishika saa yake nikiwa bado nimekuficha.

Najua nimekuibia mara mbili. Ukitaka, njoo Machi nikuandikie na hilo shimo. Ila Ijumaa ijayo, tafadhali, ukifika bwawani usiharaki


20 Desemba

Mzee Fundi, shikamoo.

Mke wangu aliisoma barua yako kwanza, akasema atapanda basi aje akuchape na fimbo namba saba. Halafu akaisoma tena, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akasema, "Viatu vyako vina kamba ndefu, sivyo?"

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa mazoezini na wenzangu wawili. Tulipofika shimo la sita nikahisi hiyo baridi, kama nimeingiza mkono kwenye mtungi. Nikainama nikafunga kamba za kiatu cha kulia. Nikafunga za kushoto. Nikazifungua zote nikaanza upya. Mmoja akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia asubiri, kuna mzee anamalizia kazi.

Nilikaa pale nimepiga goti hadi wakapita wenyewe wakaniacha. Mpira sikuuokota. Vidole vyangu vilikuwa vinazungusha kitu, taratibu sana, kuelekea kulia. Kisha vikaacha.

Nikaweka kifundo cha mkono sikioni. Mimi sivai saa, Mzee, unajua. Ilikuwa inatembea.

Shimo hilo baki nalo.

Yule wa saa moja asubuhi